Mpini wa Rivolva: Sehemu Iliyoachiwa Mkono

Rivolva, yaani bastola ambayo risasi zake hukaa katika silinda inayozunguka nyuma ya mtutu, ni chombo ambacho karibu kila kipande chake hupimwa kiwandani kwa ukali usiompa mwenye nacho nafasi ya kukichezea. Tundu la silinda lisipolingana na tundu la mtutu, risasi hupita ikikwaruzwa na vipande vyake hutawanyika pembeni. Chemchemi ya nyundo ikilegezwa kupita kiasi, fataki haiwaki. Mpini peke yake ndio uliosalimika na ukali huo. Mara nyingi ni vibao viwili tu, vilivyobanwa pande mbili za kiunzi cha chuma kwa skrubu moja, na mtu mwenye bisibisi huweza kuvitoa na kuweka vingine kabla chai yake haijapoa. Kutokana na urahisi huo ilizaliwa nchini Marekani biashara nzima ya mipini ya kubadilishia, yaani mipini inayotengenezwa na kuuzwa na watu wengine baada ya bastola kuondoka kiwandani. Biashara hiyo husimuliwa mara nyingi kama historia ya mapambo, na kweli mapambo yamo. Lakini ukiitazama kwa makini utaona kwamba msukumo wake mkubwa ulikuwa mwingine, nao ni mvutano kati ya kiwanda, ambacho hutengeneza kipimo kimoja kwa watu wote, na mkono, ambao haufanani na mkono mwingine.

Samuel Colt alipata hataza ya rivolva yake nchini Marekani mwaka 1836, na baada ya kiwanda chake cha kwanza cha Paterson, New Jersey, kufa, alijijenga upya Hartford, Connecticut. Bastola zilizompa utajiri, kama ile ya mwaka 1851 iliyoitwa Navy, zilikuwa na mpini wa gogo moja la mjozi, mti mgumu wa rangi ya kahawia unaozaa jozi, lililochongwa mfereji katikati na kukaa kati ya kanda mbili za chuma au shaba, moja ikipita mbele na nyingine nyuma. Umbo lake, ambalo Wamarekani walilifananisha na mshikio wa plau, lilipinda taratibu kuelekea chini bila kona yoyote, na umbo hilohilo likahamia karibu bila mabadiliko katika Colt ya mwaka 1873, iliyopokelewa na jeshi la Marekani na kuwa maarufu kuliko zote. Mpindo huo ulikuwa na kazi. Bastola za aina hiyo zilihitaji nyundo ivutwe nyuma kwa kidole gumba kabla ya kila risasi. Bastola ilipopiga teke, yaani iliporushwa nyuma na juu na nguvu ya baruti, mpini laini ulijiviringisha kiganjani, mtutu ukainuka, na nyundo ikajileta yenyewe karibu na gumba lililokuwa likiisubiri. Ni vigumu kupata mfano mzuri zaidi wa umbo na matumizi kukubaliana, na ndiyo maana mpini huo unatengenezwa hadi leo.

Hata hivyo gogo moja lilikuwa na kikwazo kwa aliyetaka kubadilisha: ilimbidi afungue kanda za chuma kwanza, na gogo jipya lilitaka fundi wa kulilinganisha kwa tupa na msasa. Kampuni ya Smith & Wesson, ya Horace Smith na Daniel Wesson huko Springfield, Massachusetts, ilifuata njia nyingine tangu rivolva yake ya kwanza ya mwaka 1857, kwa kuweka vibao viwili vilivyoshikwa na skrubu inayopenya katikati. Colt nayo ikahamia kwenye vibao viwili katika bastola zake nyingi za mwaka 1873 kuanzia takriban mwaka 1882, ilipoanza kutumia mpira mgumu. Huu si mpira wa kuvutika unaojulikana na wengi, bali ni mpira uliopikwa na kiberiti kingi mpaka ukawa mgumu kama pembe, kwa njia ambayo Nelson Goodyear aliipatia hataza mwaka 1851. Sifa yake ilikuwa kwamba ulitiwa katika kalibu na kutoka na nakshi zote tayari, tai na ngao kwa Colt za mwanzo, bila patasi kuugusa. Wauzaji wengi wa vitu vya kale huuita gutaperka, jambo ambalo ni kosa, kwa kuwa gutaperka ni utomvu wa mti mwingine kabisa. Mpira huo ulitoka kiwandani mweusi tititi, lakini miaka ya jua na jasho huugeuza kahawia kama kahawa iliyotiwa maziwa, na jicho lililozoea huutambua kwa rangi hiyo kabla ya kuugusa.

Kwa kuwa vibao viwili vilitoka na kuingia kwa urahisi, maduka makubwa ya silaha ya New York na miji mingine yaliweza kuuza bastola ileile kwa sura tofauti kulingana na mfuko wa mteja. Aliyekuwa na fedha alichagua gamba la chaza wa lulu, lenye mng'ao wa rangi zinazocheza mwangani, au pembe ya ndovu. Na hapa historia ya kipande hiki kidogo inagusa moja kwa moja pwani ya Afrika Mashariki. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, ulitiwa saini mwaka 1833, na mwaka 1837 konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, akaanza kazi Unguja. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta kitambaa cha pamba ambacho Kiswahili kimekiita merikani mpaka leo, na marikebu zao zikarudi na sandarusi, ngozi na pembe. Pembe hizo zilikuwa zimebebwa mabegani kutoka bara, kupitia Tabora hadi Bagamoyo na bandari nyingine, na wapagazi ambao baadhi yao walikuwa Wanyamwezi huru wanaolipwa ujira na wengine watumwa wasiolipwa chochote. Hakuna maelezo ya haki kuhusu uzuri wa pembe yanayoweza kuwaruka watu hao.

Soko kubwa la pembe za Unguja nchini Marekani lilikuwa katika bonde la mto Connecticut, ambako kampuni mbili, moja katika mji wa Deep River na nyingine katika mji uliopewa jina la Ivoryton, yaani mji wa pembe, zilikata pembe kwa misumeno ya mashine ili kutengeneza vitana na, zaidi ya yote, vibonyezo vya piano. Hartford, kilipokuwa kiwanda cha Colt, iko kando ya mto huohuo. Si kila kibao cha pembe kilichofungwa kwenye rivolva kilitoka Unguja, maana pembe zilifika Marekani pia kupitia masoko ya London, na mipini ya bastola ilikula sehemu ndogo sana ya shehena ikilinganishwa na piano. Lakini pembe ya Afrika Mashariki, ambayo wafanyabiashara waliiita laini kwa kuwa ilikatika vizuri na kuwa nyeupe isiyo na ukali wa kioo, ndiyo iliyopendwa na mafundi wa nchi hiyo.

Kibao kizuri cha pembe kina mambo ambayo picha haiyaonyeshi. Fundi hukikata kwa kufuata urefu wa pembe, na kwa kawaida hutafuta vibao vyote viwili katika pembe moja ili rangi na mishipa yake ifanane. Pembe isipoachwa ikauke vya kutosha husinyaa baadaye, na kibao kilichokaa sawasawa leo huacha pengo jembamba kando ya chuma baada ya miaka michache, au hupasuka kuanzia kwenye tundu la skrubu. Upande wa ubapa huonyesha mistari myembamba inayokwenda pamoja, na pale mpini unapokatwa chini huonekana mistari inayopishana kama ukili uliosukwa. Mfupa wa ng'ombe, ambao wadanganyifu waliuuza kama pembe, hauna mistari hiyo bali una vidoa vidogo vyeusi vya mishipa ya damu. Kadiri kinavyoshikwa, mafuta ya mkono hukigeuza kibao rangi ya samli, tena upande wa kiganja zaidi kuliko upande wa vidole, hivyo kwamba bastola ya zamani huweza kueleza kama mwenyewe alitumia mkono wa kulia au wa kushoto.

Mfano unaojulikana zaidi ni Colt ya George Patton, afisa wa Marekani aliyeinunua mwaka 1916 na baadaye kuwa jenerali mashuhuri wa Vita Kuu ya Pili. Ilikuwa imechorwa nakshi na kufungwa vibao vya pembe vyenye herufi za jina lake, na magazeti yalipozoea kusema kwamba vilikuwa vya lulu, yeye alikasirika na kuwasahihisha kwa maneno makali, kwa maana machoni pake lulu ilimfaa mtu wa anasa na pembe ilimfaa askari. Hasira hiyo inaonyesha jinsi kipande kisichozidi kiganja kilivyoweza kubeba hadhi ya mtu.

Walioshindwa bei ya pembe walitafutiwa mfano wake. John Wesley Hyatt wa Albany alipata hataza ya seluloidi mwaka 1870 akitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya pembe katika mipira ya biliadi, na plastiki zilizofuata ziliingia pia katika mipini. Katikati ya karne ya 20 kampuni moja ya Chicago iliuza plastiki iliyoitwa Franzite iliyoiga pembe, lulu na hata pembe ya kulungu kwa bei ya mtu wa kawaida. Nyingi ya hizo zimejikunja na kupauka, na wakusanyaji wa leo huzidharau, ingawa ziliwapa maelfu ya watu furaha ambayo wasingeimudu.

Mapambo hayo yote yaliiacha kando shida ambayo ilikuwa ikikua. Tangu mwisho wa karne ya 19 rivolva nyingi zilikuwa za kuvuta moja kwa moja, yaani kifyatulio chenyewe, kikivutwa, kilirudisha nyundo nyuma, kikazungusha silinda na kuiachia nyundo, bila gumba kuhusika. Kwa bastola ya namna hiyo, ule mviringo wa Colt uliokuwa sifa uligeuka kasoro, kwa sababu mkono haukuhitaji tena bastola ijiviringishe; ulihitaji itulie mahali pamoja ili kifyatulio kizito kivutwe tena na tena. Smith & Wesson ilipoanza kutoa modeli yake ya Military & Police mwaka 1899, ambayo ilikuja kuwa bastola ya kawaida ya polisi wa Marekani, vibao vyake vilikuwa vyembamba na vifupi, vikiacha uwazi kati ya mpini na pete ya chuma inayokinga kifyatulio. Kidole cha kati hakikuwa na pa kuegemea, bastola ikashuka mkononi, na kila risasi pete ile ikakigonga kidole juu ya kifundo chake. Juu nako, bega la chuma lilikata nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada. Mtu aliyefyatua risasi 50 za mazoezi alirudi nyumbani na mkono uliovimba, na kiwanda kilisema kimetengeneza bastola nzuri, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa kila sehemu isipokuwa ile iliyoshikwa.

Dawa ya kwanza ilikuwa ndogo na ya busara: kipande cha kujaza ule uwazi. Melvin Tyler wa Oklahoma City aliuza kipande cha alumini kilichoshikwa na ulimi mwembamba chini ya vibao vya kiwandani, na Frank Pachmayr, fundi wa bunduki wa Los Angeles, akauza cha mpira. Wapigaji wa shabaha walitaka zaidi. Walter Roper, aliyeandika kitabu kuhusu ulengaji wa bastola na rivolva mwaka 1945, alishughulika kwa miaka mingi na mipini iliyojaa nyuma ya pete ya kifyatulio, iliyopanda juu kulifunika bega la chuma, na iliyonenepa chini ya kiganja badala ya kunenepa kwenye ncha. Kazi yake ndiyo inayostahili kuitwa mwanzo wa mpini wa kisasa, kwa kuwa aliuanzia mkononi na kuja kwenye chuma, wakati viwanda vilianzia kwenye chuma na kuuacha mkono ujitafutie nafasi. Smith & Wesson nayo ilisikia kilio hicho kwa nusu: katikati ya miaka ya 1930, wakati wa kuzaliwa kwa risasi yenye nguvu ya .357 Magnum mwaka 1935, ilileta vibao vilivyoitwa Magna, vilivyopanda juu hadi begani, lakini uwazi wa mbele ukabaki palepale.

Vita Kuu ya Pili ilileta mipini ambayo haikununuliwa na mtu. Askari wa Marekani walichukua vipande vya plastiki angavu kutoka madirisha ya ndege zilizoanguka, wakavikata na kuvikwangua mpaka vikalingana na vibao vya bastola zao, kisha wakaweka picha ya mke, mchumba au mwigizaji wa filamu chini ya kibao kimoja kabla ya kukaza skrubu. Wengi walifanya hivyo kwa bastola za Colt za mwaka 1911, ambazo si rivolva, lakini rivolva pia hazikukosa. Upande wa pili mara nyingi uliachwa mtupu. Kati ya mipini yote iliyotajwa katika insha hii, hiyo ndiyo inayogusa moyo zaidi.

Baada ya vita, biashara ilipata mafundi wa kudumu. Steve Herrett wa Twin Falls, Idaho, alimtaka mteja aweke kiganja chake juu ya karatasi, apitishe penseli kuzunguka vidole, na kutuma mchoro huo kwa posta. Mjozi ulichongwa kwa kufuata mchoro. Kwa njia hiyo mkono wa mtu wa Texas ulifika Idaho bila mwenyewe kusafiri, na kiwanda kilichotaka kipimo kimoja kikajibiwa na bahasha. Herrett alitengeneza pia mpini maarufu pamoja na Bill Jordan, afisa wa doria ya mpaka na mwandishi wa kitabu cha mwaka 1965 kuhusu mapambano ya bastola. Mpini wa Jordan haukuwa na chanjo za mistari wala mabonde ya vidole. Ulikuwa mpana, laini, uliojaa nyuma ya pete, na ulitawanya teke la .357 kwenye kiganja chote badala ya kulikusanya mahali pamoja. Kanuni yake ni ileile ya mkoba wenye ukanda mpana, ambao hauumizi bega kama kamba nyembamba hata mzigo ukiwa mmoja.

Miaka ya 1970 ilikuwa ya mpira, safari hii mpira laini wa kutengenezwa viwandani. Pachmayr alimimina mpira huo juu ya bamba jembamba la chuma ili mpini usijipinde, na baadhi ya modeli zake zilifunika hata ukanda wa nyuma wa chuma, ambao ndio unaogonga kiganja moja kwa moja. Askari polisi waliponunua mipini hiyo kwa fedha zao wenyewe hawakuinunua kwa uzuri, kwa maana haikuwa na uzuri wowote. Waliinunua kwa sababu haikuteleza mvuani wala katika jasho. Kibao cha kushoto kilichongwa bonde dogo juu, kwa kuwa kifaa cha kupakia risasi zote sita kwa mara moja kilikwama kwenye vibao vinene. Guy Hogue, aliyeanza kuwatengenezea mipini askari wenzake wa Los Angeles mwaka 1968, alirudi kwa namna fulani kwenye wazo la Colt la kipande kimoja: mpini wake huvalishwa kutoka chini kama soksi na kushikwa na skrubu moja inayoingia katika kipete kilichonasa kwenye pini ya kiunzi, bila mshono ubavuni na bila skrubu inayogusa kiganja.

Wakati huohuo aina ya mikono iliyoshika bastola za polisi ilikuwa ikibadilika. Sheria ya mwaka 1972 ilipopanua marufuku ya ubaguzi wa ajira hadi serikali za majimbo na miji, wanawake wengi zaidi waliingia katika doria, na mipini mikubwa ya mbao iliyopendwa na wanaume wenye viganja vikubwa kama vya Bill Jordan iliwaweka mbali na kifyatulio. Mabonde ya vidole nayo, ambayo mtengenezaji aliyakata kwa kidole cha wastani, yaliwatesa wote ambao vidole vyao havikuwa vya wastani. Mwishowe Smith & Wesson iliamua katika miaka ya 1990 kutengeneza viunzi vyake kwa kitako cha duara peke yake, kwa kuwa kiunzi kidogo cha duara kinaweza kuvishwa mpini mkubwa wa pembe nne, lakini kikubwa hakiwezi kupunguzwa. Uamuzi huo haukushangiliwa na wapenzi wa umbo la zamani, ingawa kwa hakika ulikuwa kiwanda kukiri kwamba mpini ni mali ya mkono. Kiwanda hichohicho kilikuwa tayari kimeanza kununua mipini ya mpira kutoka kwa Hogue na wengine na kuifunga kwenye bastola mpya, na rivolva kubwa ya .500 ya mwaka 2003 isingevumilika mkononi bila mpini wa mpira unaoufunika mgongo wote.

Kwa bastola ndogo za mfukoni mpira ulikuwa na ubaya wake, kwa kuwa ulishika bitana ya koti na kulifanya lijikunje. Craig Spegel wa Oregon alichonga mipini mifupi isiyopita chini ya kiunzi, inayoacha kidole cha mwisho kikining'inia, na umbo lake likauzwa kwa wingi. Crimson Trace, kampuni iliyoanzia jimbo hilohilo, ilificha taa ya leza ndani ya mpini. Lakini polisi walikuwa wamekwisha kuihama rivolva tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wakifuata bastola za kasha, yaani zenye risasi ndani ya mpini, ambazo nyingi mpini wake ni sehemu ya kiunzi cha plastiki na hautoki.

Pembe ya ndovu, kwa upande wake, ilifungiwa mlango. Kenya ilichoma tani 12 mwezi Julai 1989 mbele ya Rais Daniel arap Moi, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza biashara hiyo ipigwe marufuku, na mkutano wa kimataifa kuhusu biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Lausanne Oktoba mwaka huo, ukakubali. Marekani ikakaza zaidi sheria zake za ndani mwaka 2016. Hatua hiyo ilikuwa ya haki, na hakuna mpini wenye thamani ya ndovu mmoja. Mafundi waligeukia miti migumu, na mmojawapo ni mpingo wa Tanzania na Msumbiji, mweusi na mzito kiasi kwamba huzama majini, unaoshika chanjo za mistari bila kumeguka. Mpingo nao, pamoja na ndugu zake wote wa jamii ya Dalbergia, uliwekwa chini ya vibali vya biashara ya kimataifa tangu Januari 2017.

Vibao vya kiwandani, vile vyembamba vilivyoumiza vidole, viliishia katika madroo na makopo ya misumari, na vingi vilitupwa. Leo wakusanyaji huvitafuta kwa bei inayokaribia wakati mwingine bei ya bastola ya kawaida. Smith & Wesson ilikuwa na desturi ya kuandika namba ya bastola upande wa ndani wa kibao cha kulia, kwa penseli au kwa muhuri wa kugonga, ili mafundi wasichanganye vibao baada ya kuvilinganisha na kiunzi chake. Mnunuzi anayejua kazi yake hufungua skrubu kabla ya kutoa fedha, hukigeuza kibao kwenye mwanga, na kuisoma namba hiyo iliyofifia, akiilinganisha tarakimu kwa tarakimu na ile iliyo chini ya kitako.